Rhodes Ukutani: Katuni ya 1892 Isitundikwe Bila Maneno Yake

Kati ya michoro ya kale ya siasa inayochapishwa upya na kuuzwa kama pambo la ukutani, upo mmoja unaojulikana na karibu kila aliyepita darasa la historia. Mzungu mwenye buti ndefu amepanua miguu juu ya bara la Afrika, mguu mmoja Cairo, wa pili Cape Town. Bunduki inaning'inia begani. Mkononi ana kofia ngumu ya jua, na mikono yote miwili ameinyoosha kushika waya mrefu. Huyo ni Cecil Rhodes, Mwingereza tajiri wa almasi na mwanasiasa wa Afrika ya Kusini. Katuni inaitwa "The Rhodes Colossus", yaani Jitu la Rhodes. Aliyemchora ni Edward Linley Sambourne, katika jarida la Punch la London, toleo la tarehe 10 Desemba 1892.

Leo unaipata kwenye karatasi, kwenye kanvasi, kwenye ubao. Inatundikwa ofisini, hotelini, kwenye vyumba vya walimu, kwenye sebule za watu wanaopenda ramani. Sina ugomvi na kuitundika. Ugomvi wangu ni na namna inavyotundikwa: maneno ya chini yamekatwa, tarehe imepotea, mara nyingine imepakwa rangi ambazo haikuwa nazo. Katuni hii ilibeba kejeli yake kwenye maneno zaidi kuliko kwenye mistari. Ukiyatoa maneno, unachobaki nacho ukutani ni picha ya kumtukuza Rhodes, hata kama mwenye nyumba hakukusudia hivyo.

Tuanze na kile alichoshika, maana wengi wanakisoma vibaya. Si kamba na si reli. Ni waya wa telegrafu. Mapema mwaka 1892 waya huo ulikuwa umeshafika Fort Salisbury, ndiyo Harare ya leo. Mwishoni mwa Novemba mwaka huohuo, Rhodes alisimama London mbele ya wenye hisa wa kampuni yake, British South Africa Company, akawaeleza mpango wa kuuendeleza kaskazini mpaka Uganda, na kutoka Uganda mpaka Misri. Wiki mbili hazijapita, picha ya Sambourne ikawa mikononi mwa wasomaji. Reli ya Cape hadi Cairo ni mpango ulioendelea kuvuma baadaye na kuufunika ule wa waya, ndiyo maana picha hii huwekwa kwenye sura za vitabu zinazozungumzia reli. Mahali pengine utaikuta kando ya habari za Mkutano wa Berlin wa 1884–85, kana kwamba ilichorwa kuuelezea mkutano huo. Kati ya Berlin na picha hii ipo miaka saba na zaidi, na hiyo ndiyo miaka ambayo mipaka mingi tunayoijua ilichorwa.

Waya ulikuwa na maana yake mahususi. Telegrafu ni nafuu kuliko reli na hujengwa haraka: nguzo, vikombe vya kuzuia umeme, waya wa chuma, na kituo kila baada ya masafa fulani. Ukishafika mahali, amri ya kampuni hufika siku hiyohiyo, bei ya hisa hujulikana siku hiyohiyo, na askari huitwa siku hiyohiyo. Kwa hiyo mchoraji hakuchagua waya kwa sababu tu unajinyoosha vizuri kwenye picha. Ulikuwa chombo cha kutawalia.

Na ulileta vita. Mwaka 1893, karibu na Fort Victoria, ndiyo Masvingo ya leo, watu wa mtawala mmoja wa Kishona walikata kipande cha waya huo. Kampuni ikawatoza faini ya ng'ombe. Ng'ombe waliotolewa walikuwa mali ya Lobengula, mfalme wa Wandebele, waliokuwa wakichungwa huko tu. Lobengula akadai mali yake, kikosi chake kikaingia eneo lile, watu wakauawa, na kampuni ikapata sababu iliyokuwa ikiitafuta. Kabla mwaka haujaisha, bunduki za mashine aina ya Maxim zilikuwa zimevunja jeshi la Wandebele, na Lobengula akafa akiwa mkimbizi mwanzoni mwa 1894. Hayo yote yalitokea ndani ya miezi kumi na minne baada ya katuni. Msomaji wa leo anayeutazama waya ule kama pambo tu la mchoro anapaswa kuambiwa habari hii.

Ulifika wapi? Haukufika Cairo. Kusini mwa Ziwa Tanganyika ulikutana na ardhi ya Wajerumani, na Machi 1899 Rhodes alilazimika kwenda Berlin kuonana na Kaiser Wilhelm II kuomba ruhusa ya kuupitisha. Ruhusa akaipata. Waya uliokuwa umepita Blantyre na Karonga ukaendelea hadi Ujiji, mkoani Kigoma ya leo, ukakomea hapo. Rhodes mwenyewe alifariki tarehe 26 Machi 1902.

Ardhi iliyochorwa tupu

Chini ya miguu ya lile jitu hamna mtu. Hamna mji, hamna mfalme, hamna hata nyumba moja. Kutoka Cape Town hadi Cairo kwa mstari ulionyooka ni takriban kilomita 7,200, na Sambourne amezijaza kilomita zote hizo kwa ukimya. Hapo ndipo mchambuzi anapaswa kukaa muda mrefu kuliko kwingine, kwa sababu mtazamaji hana namna ya kukiona kisichochorwa.

Desemba 1892, tukitembea kutoka kusini kwenda kaskazini, hali ilikuwa hivi. Transvaal ilikuwa jamhuri ya Makaburu chini ya Paul Kruger, adui wa Rhodes. Lobengula alikuwa bado kwenye kiti chake Bulawayo. Mlozi, mfanyabiashara Mswahili wa pembe na watumwa, alikuwa bado na ngome yake karibu na Karonga. Waingereza walimshinda na kumnyonga Desemba 1895. Ujiji, ambako waya ulikuja kuishia, ilikuwa chini ya Muhammad bin Khalfan, maarufu kwa jina la Rumaliza. Magharibi ya Ziwa Tanganyika ilikuwa Dola Huru ya Kongo, mali binafsi ya Mfalme Leopold II. Upande wa mashariki, Wajerumani walidai nchi yote hadi mpaka wa Kongo, lakini madai hayo yalikuwa kwenye karatasi kuliko ardhini: Mkwawa alikuwa ameangamiza kikosi cha Zelewski pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891 na alikuwa bado ndani ya ngome yake ya Kalenga, na Isike wa Unyanyembe alikuwa anapigana nao Tabora. Bunyoro ilikuwa na Kabalega. Buganda ilikuwa imetoka kwenye mapigano ya wenyewe kwa wenyewe, na serikali ya Uingereza ilikuwa inabishana kama ibaki huko au iondoke. Kaskazini zaidi, huko Sudan, ilikuwa dola ya Mahdi chini ya Khalifa Abdullahi, ambayo haikuvunjwa mpaka vita vya Omdurman, Septemba 1898. Misri yenyewe ilikuwa na jeshi la Waingereza tangu 1882, lakini kwa sheria bado ilihesabiwa sehemu ya dola ya Osmania.

Sambourne alijua mengi ya haya. Magazeti ya London yaliyaandika kila wiki. Kuiacha ardhi tupu ulikuwa uamuzi, na uamuzi huo ulifanana kabisa na namna Rhodes mwenyewe alivyotaka bara lionekane: nafasi inayosubiri hatua yake. Katika jambo hili katuni haimpingi Rhodes hata kidogo. Inakubaliana naye.

Tena kuna kizuizi ambacho mchoro unakiruka kabisa. Tarehe 1 Julai 1890, Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba uliohusu kisiwa cha Heligoland na Zanzibar. Uingereza ikapata kuitawala Zanzibar kama nchi lindwa, Ujerumani ikapata Heligoland, na mpaka wa Afrika Mashariki ya Wajerumani ukathibitishwa kufika hadi Dola ya Kongo. Maana yake ni kwamba njia ya Waingereza kutoka kusini kwenda kaskazini ilikuwa imezibwa miaka miwili kabla ya katuni kuchorwa. Mwaka 1894 Uingereza ilijaribu kukodi kwa Leopold ukanda wa kilomita 25 kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Albert Edward. Ujerumani ikapinga, mpango ukafutwa baada ya wiki chache. Ni baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Tanganyika ilipowekwa chini ya Uingereza, ndipo rangi nyekundu ya ramani za Kiingereza ilipoungana toka Cape hadi Misri. Reli na waya mmoja unaokwenda moja kwa moja havikupatikana hata hapo. Kwa hiyo mguu ule haukukanyaga nchi ambayo Uingereza ilikuwa nayo mwaka 1892. Ulikanyaga tamaa.

Kejeli ilikuwa wapi?

Sehemu ya kwanza ni kichwa cha habari, "The Rhodes Colossus". Kisiwa cha Rhodes huko Ugiriki kilikuwa na sanamu kubwa ya shaba ya Helios, mungu wa jua, iliyomalizika takriban mwaka 280 kabla ya Kristo. Tetemeko la ardhi liliiangusha takriban mwaka 226 kabla ya Kristo, baada ya kusimama nusu karne tu. Habari kwamba ilipanua miguu juu ya mlango wa bandari na meli zikipita chini ni ngano ya karne nyingi baadaye, na ni ngano hiyo Sambourne aliyoichukua, jina la mtu na jina la kisiwa yakiwa mamoja. Msomaji wa Punch aliyesoma shule za Kiingereza za wakati ule alijua jambo moja kuhusu sanamu ile kuliko mengine yote: ilianguka. Kichwa cha habari kilimkumbusha hilo.

Sehemu ya pili ni mashairi yaliyoambatana na picha. Yalimshangaa Rhodes kwa kuwa mkurugenzi na mwanasiasa kwa wakati mmoja, na hapo ndipo penye mwiba. Rhodes alikuwa waziri mkuu wa Koloni la Cape tangu 1890. Papo hapo alikuwa mkuu wa kampuni ya almasi ya De Beers aliyoianzisha 1888, na kiongozi wa British South Africa Company iliyopewa hati ya kifalme Oktoba 1889. Hati hiyo ilisimama juu ya makubaliano ya 1888 ambayo wajumbe wake waliyapata kwa Lobengula kwa ahadi ya pauni 100 kwa mwezi, bunduki 1,000 na risasi 100,000. Mtu mmoja alikuwa anatunga sheria, anachimba mali na anateka nchi. Msomaji makini wa mwaka 1892 aliona hatari hiyo, na miaka mitatu baadaye ikajidhihirisha: uvamizi wa Jameson, mtu wa karibu wa Rhodes, dhidi ya Transvaal, mwishoni mwa Desemba 1895, ulimlazimisha Rhodes kujiuzulu uwaziri mkuu.

Sasa itazame picha peke yake, bila kichwa na bila mashairi. Kejeli iko wapi? Sambourne alianza kazi kama mchoraji wa michoro ya mitambo kwenye karakana ya John Penn and Sons, Greenwich, na alibaki na mkono wa fundi mitambo maisha yake yote. Alikuwa na mazoea ya kupiga picha za kamera za watu waliojiweka kwenye mkao anaoutaka, kisha kuchora kutokana na picha hizo. Maelfu ya picha hizo bado yapo London. Ndiyo maana watu wake wana uzito wa mwili halisi, nguo zao zinakunjika inavyopaswa, buti zinakaa chini. Wachora katuni wengi humkebehi mtu kwa kumharibu uso. Sambourne hakumharibu Rhodes uso. Alimkuza mwili tu. Ametulia, ana afya, anajiamini. Mtu aliyempenda Rhodes angeweza kuikata picha hii na kuitundika kwa fahari mwaka 1892, na anaweza leo.

Linganisha na kazi nyingine ya mchoraji huyohuyo, ya tarehe 28 Novemba 1906, kuhusu Kongo. Mmea wa mpira umekuwa nyoka mwenye kichwa cha Leopold II, umemzunguka Mkongo na unamkaba, na nyuma mwanamke anakimbia na mtoto kuelekea nyumbani. Hapo kejeli imo ndani ya mchoro wenyewe. Ikate maneno yote, itundike popote. Hakuna atakayedhani unamsifu Leopold. Haikosi kasoro: Mkongo amechorwa kama mtu wa kuonewa tu, hakuna dalili ya waliopigana. Lakini yupo, ana uso, ana mwili. Kwenye picha ya Rhodes hayupo kabisa. Mchoro wa Henri Meyer katika Le Petit Journal la Paris, tarehe 16 Januari 1898, unaoonyesha wakubwa wa dunia wakiikata China kama keki, nao unajieleza wenyewe: mzee wa Kichina amesimama nyuma yao mikono juu akipinga. Kwa hiyo sisemi kila katuni ya ubeberu inahitaji maelezo marefu ukutani. Nasema hii inayahitaji.

Wapo wanaotaka picha kama hii iondolewe kabisa, na wanataja sanamu ya Rhodes iliyoondolewa Chuo Kikuu cha Cape Town tarehe 9 Aprili 2015. Hoja yao naiheshimu, ila vitu hivi viwili si sawa. Sanamu ile iliwekwa kumpa mtu heshima, na kuiondoa kulikuwa kumnyang'anya heshima hiyo. Katuni ilichapishwa kumsema. Anayeiondoa anapoteza ushahidi wa jinsi Waingereza wenyewe walivyomwona akiwa hai. Anayeikata maneno anaugeuza ushahidi huohuo kuwa sanamu nyingine. Njia ya tatu ni kuichapisha vizuri na kamili, na hapo lazima tuingie kwenye mambo ya karakana.

Kutoka ukurasani hadi ukutani

Ukurasa wa Punch wa enzi hizo una upana wa takriban sm 21 na urefu wa takriban sm 27. Picha ni ya wino mweusi juu ya karatasi, mistari mitupu, bila vitone vya rangi. Vivuli vyote vimefanywa kwa mistari midogo iliyokaribiana sana, na hiyo ndiyo inayoharibika kwanza.

Ukiweza kupata ukurasa halisi, uskani kwa pikseli 600 kwa inchi, kwa kijivu cha biti 8 au zaidi, usitumie hali ya nyeusi na nyeupe tupu. Hali hiyo huziba nafasi kati ya mistari, na vivuli vya suruali na buti hugeuka mabaka meusi. Weka karatasi nyeusi nyuma ya ukurasa unapouskani, la sivyo maandishi ya upande wa pili yatapenya na utayaona kama ukungu kwenye anga ya picha. Kama ukurasa bado umo ndani ya kitabu kilichojalidiwa, upande wa mshono utajikunja na mguu mmoja utaonekana mwembamba kuliko mwingine. Hapo piga picha kwa kamera iliyosimamishwa sambamba kabisa na ukurasa, taa mbili pembeni kwa nyuzi 45.

Epuka kuskani kutoka kitabu cha kisasa cha historia. Picha kwenye vitabu hivyo nyingi zimechapishwa kwa vitone, na vitone vikikutana na skana huzaa mawimbi ya ajabu juu ya vivuli. Programu zinaweza kuyapunguza, lakini zinapunguza pamoja na mistari.

Hesabu ya ukubwa ni rahisi na inawaokoa watu fedha. Skani ya 600 ya ukurasa wenye urefu wa sm 27 inakupa takriban pikseli 6,380 kwenda juu. Ukiichapa kwa A3 unapata karibu pikseli 386 kwa inchi, nzuri sana. Kwa A2 unapata takriban 273, bado ni safi hata mtu akisogea karibu. Kwa A1 unashuka hadi takriban 193, na mistari ya vivuli inaanza kuonyesha ngazi. Faili la intaneti lenye pikseli 1,000 kwenda juu, ukilikuza hadi A2, linakupa pikseli 43 tu kwa inchi. Hiyo ndiyo siri ya zile nakala kubwa ambazo mistari yake inaonekana kama imeloweshwa maji. Hakuna printa inayoweza kurekebisha hilo.

Halafu kuna suala la umbo, na hapa ndipo maneno yanapopotelea. Ukurasa wa sm 21 kwa 27 ni mnene kuliko karatasi za A. Muuzaji anayetaka picha ijaze A2 yote ataikuza mpaka urefu wake ufike sm 59.4, upana utafika takriban sm 46, na karatasi ina sm 42 tu. Basi atakata sm 2 kila upande, kule ambako mikono imenyooshwa. Au atakata sehemu ya chini yenye maandishi, akuze mchoro peke yake. Yote mawili ni makosa, na dawa yake ni moja: ilinganishe picha na upana. Upana wa sm 42 unakupa urefu wa sm 54, na zinabaki sm 5.4. Iache nafasi hiyo yote chini, tupu, kwa ajili ya kichwa cha habari, jina la jarida na tarehe.

Rangi isiongezwe. Nakala zenye bahari ya bluu na Afrika ya manjano ni kazi ya kompyuta za siku hizi, na zinamtoa mtazamaji kwenye mwaka 1892 bila kumwambia. Umanjano wa karatasi ya zamani unaweza kuuacha kidogo, ukipenda; lakini usiuongeze kwa makusudi ili picha ionekane ya kale.

Kuhusu karatasi, chagua isiyo na asidi, ya pamba ikiwezekana, yenye uzito wa gramu 200 hadi 310 kwa mita ya mraba, uso laini usiong'aa. Kanvasi inapendwa kwa sababu haihitaji kioo, ila kwa mchoro wa mistari haifai: nyuzi zake zinapigana na vivuli, na ukiivuta kwenye mbao sm 3 au 4 za kingo hugeuka upande, pamoja na maandishi. Omba wino wa chembe za rangi, ule wa pigmenti, na si wino wa kuyeyuka, ambao mwanga wa dirishani huufifisha mapema.

Sheria ya hakimiliki haina kikwazo kwa mchoro wenyewe. Sambourne alifariki 1910, na muda wa miaka 70 baada ya kifo, unaotumika nchi nyingi, ulimalizika zamani. Faili zuri la mtu mwingine bado linaweza kuwa na masharti yake ya matumizi, basi yasome kabla ya kuuza nakala.

Wa pwani wana shida ya ziada. Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja, unyevu wa hewa wakati wa masika hupanda kiasi cha kuotesha ukungu kwenye karatasi, na hewa ya chumvi hula misumari na ndoano. Picha iliyobanwa moja kwa moja kwenye kioo hunasa kioo ikilowa, na huwezi kuibandua bila kuichana. Weka kadi nene isiyo na asidi yenye dirisha katikati, walau milimita 1.5, ili pawe na nafasi kati ya wino na kioo. Ishikize picha kwa vipande viwili vya utepe wa karatasi upande wa juu tu. Ukiibandika kingo zote nne, karatasi ikivuta unyevu haina pa kutanukia, itajikunja mawimbi. Selotepu ya kawaida huacha doa la kahawia baada ya muda. Mgongoni, hadibodi ya kawaida ina asidi, kwa hiyo mwambie fundi fremu aweke kadi safi kati yake na picha. Bandika vipande vinne vya mpira au kitambaa kizito kwenye pembe za nyuma ili fremu isigusane na ukuta, hewa ipite. Usiitundike kwenye ukuta wa nje unaopigwa na mvua. Nakala iliyotoka kwenye printa iache wazi siku nzima kabla ya kuifunga ndani ya kioo, maana mvuke wa wino huacha ukungu upande wa ndani.

Katikati ya picha pawe kwenye sm 145 hadi 150 kutoka sakafuni. Juu zaidi ya hapo, jitu linakuwa jitu kwelikweli na mtazamaji anainua shingo kulitazama. Wamiliki wa hoteli hupenda kuipandisha juu ya mlango au juu ya kaunta. Hapo ndipo pasipofaa kuliko pote.

Lebo nayo ni sehemu ya picha. Iwe kulia, usawa wa theluthi ya chini ya fremu, herufi za pointi 14 au zaidi, na isizidi maneno themanini, kwa sababu watu hawasomi ukuta kama kitabu. Inaweza kusema hivi: "Edward Linley Sambourne, jarida la Punch, London, 10 Desemba 1892. Cecil Rhodes, waziri mkuu wa Koloni la Cape na kiongozi wa kampuni iliyoteka nchi, ameshika waya wa telegrafu aliotaka uende kutoka Cape Town hadi Cairo. Waya uliishia Ujiji. Mchoraji hakuonyesha watu waliokuwa wakiishi katika nchi hizo, wala watawala wake waliokuwa madarakani mwaka huo, wakiwemo Lobengula, Mkwawa na Kabalega."

Shule ikiwa na nafasi ya fremu ya pili, ushauri wangu ni ramani ya mipaka baada ya mkataba wa 1890, kwa ukubwa uleule na usawa uleule, ikiwa upande wa kushoto ili isomwe kwanza. Mwanafunzi akitoka kwenye ramani hiyo na kufika kwenye katuni, ataona mwenyewe kwamba kati ya buti moja na nyingine ipo nchi ya Wajerumani, ipo Kongo ya Leopold, ipo Sudan ya Khalifa. Fremu hiyo ya pili isipopatikana, mwalimu achapishe ramani kwenye A4 na kuibandika chini ya lebo.